Wasii na Ardhi ya Marehemu



Wasii ni mwekwa amana, si mwenye mali. Neno hili twalijua sote, lakini twalisahau siku ya kuingia katika nyumba au shamba la maiti.

Tuchukue mfano mbali kidogo na pwani yetu. Mwislamu amekufa Kombewa, magharibi ya Kisumu, naye ameacha shamba la ekari 8, mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikufa zamani. Ndugu yake ndiye wasii. Je, aanze na lipi?

Asianze kwa kugawa wala kwa kuuza. Kwanza ni mazishi ya wastani, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Karamu ya arobaini haimo katika mpango huu. Auzaye ng'ombe wa marehemu ili kulisha wageni, na hali wako watoto wadogo, amewalisha watu mali ya yatima. Na onyo la jambo hilo limo katika Suratun-Nisaa, aya ya 10.

Ikiwa hakuna deni wala wasia, mke hupata thumni, yaani ekari 1. Zilizobaki ni 7: mwana hupata 3½, na kila binti 1¾, hata akiwa ameolewa mbali. Ada ya Wajaluo ni kuwa shamba hurithiwa na wana wanaume. Nasi tusiwacheke! Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zimekaliwa na kaka mmoja, na dada zake wakaona haya kudai haki yao?

Serikali nayo ina kanuni zake. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilirekebishwa mwaka 1990, ikamwachia Mwislamu mafungu ya dini yake. Lakini kanuni za usimamizi zisizopingana na dini zamhusu yeye pia. Kwa kanuni hizo, wasii haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya mahakama kuuthibitisha usimamizi wake, na kwa kawaida uthibitisho huo huja baada ya miezi 6. Akijinunulia mwenyewe, warithi waweza kuutengua ununuzi huo. Tena hudaiwa hisabu kamili.

Basi wasii na aitunze hati ya shamba, na aandike kila shilingi ya kodi iliyoingia na kila iliyotoka. Warithi wakiwa Waislamu wote, na wakaridhia, Katiba ya mwaka 2010 yawaruhusu kwenda kwa Kadhi. Wasiporidhia, mlango wa Mahakama Kuu u wazi.

Mwenye kuhisi hawezi mzigo huu, ni heri aukatae mapema kuliko kuubeba kwa khiyana. Mirathi haikui kwa kucheleweshwa. Huzidi ugomvi tu, na wenye haki hufa kabla hawajaipata.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.