Mapambo ya Krismasi Yafanywayo kwa Mikono

Kila ifikapo Desemba, maduka ya mijini hujaa vitu ving'aavyo: matufe mekundu na ya rangi ya dhahabu, nyota, kengele ndogo na nyuzi za rangi nyingi. Watu huvinunua wakidhani kwamba vitu hivyo tangu awali vilitoka katika mashine. Sivyo. Karibu yote tuyaonayo yakitundikwa juu ya mti wa Krismasi yalianza nyumbani, juu ya meza ile ile ambayo watu wa nyumba walilia chakula chao. Katika mafundisho haya tutatazama mahali pawili, Ujerumani na Denmark, kisha tutaeleza namna ya kufanya pambo moja ambalo gharama yake ni karatasi mbili tu.

Desturi ya mti wenyewe ni ya Wajerumani. Mwaka 1605 mtu mmoja aliyekuwa katika mji wa Strasbourg aliandika kwamba watu wa huko husimamisha misonobari vyumbani mwao, na kuitundika mawaridi ya karatasi, matofaa, mikate myembamba, vipande vya dhahabu bandia na sukari. Ona kwamba sehemu kubwa ya mapambo hayo iliweza kuliwa, na bila shaka watoto hawakulisahau jambo hilo. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wamesimama pamoja na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Baada ya picha hiyo desturi ikaenea upesi katika nyumba za Waingereza, na baadaye ikafika mbali zaidi.

MJI WA WAPULIZA KIOO

Lauscha ni mji mdogo katika milima ya Thuringia. Mwaka 1597 Hans Greiner na Christoph Müller walijenga hapo tanuri ya kuyeyushia kioo, kwa sababu msitu ulikuwa na kuni tele, na tanuri ya kioo hula kuni kama nyumbu alaye majani. Watoto wao na wajukuu wao wakashika kazi hiyo hiyo. Walifanya bilauri, shanga, na baadaye hata macho ya wanasesere.

Husimuliwa kwamba mapambo ya kioo yalianzishwa na mpuliza kioo mmoja aliyekuwa maskini mno. Hakuwa na fedha za kununua matofaa na lozi za kutundika juu ya mti wa watoto wake, basi akayapuliza kwa kioo. Hiyo ni hadithi, na hadithi nzuri, lakini lililo yakini ni hili: katika kitabu cha maagizo cha mwaka 1848 imeandikwa oda ya dazeni sita za matufe ya Krismasi ya ukubwa mbalimbali. Dazeni sita ni matufe 72. Kutoka hapo biashara ikakua.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Baba alikaa mezani mbele ya mwali mkali wa taa, akashika mrija wa kioo. Aliuzungusha polepole motoni mpaka ulipolainika kama nta, ndipo akaupuliza kwa mdomo. Akipuliza kwa nguvu mno, kioo hupasuka. Akipuliza kwa woga, tufe huwa nene na zito. Zamani mwali huo ulitiwa nguvu kwa mivukuto iliyokanyagwa kwa mguu. Mwaka 1867 mji ulipata mtambo wa gesi, na moto wa gesi ukawa sawasawa, wala haukuyumba. Tangu hapo waliweza kupuliza matufe makubwa yenye kioo chembamba kama ganda la yai.

Tufe lililokwisha pulizwa huwa halina rangi. Kulitia mng'ao ilikuwa kazi ya mama. Hapo kwanza walitia risasi na madini mengine yaliyoyeyushwa, lakini mwanachuo wa kemia aitwaye Justus von Liebig alipoonyesha namna ya kufanya vioo vya kujitazamia kwa dawa itokanayo na madini ya fedha, watu wa Lauscha wakajifunza njia hiyo. Mama alimimina dawa kidogo ndani ya tufe, akalitikisa ndani ya maji ya moto, na mara ubavu wa ndani ukang'aa kama kioo cha kujitazamia. Dawa hiyo ikigusa ngozi huiacha nyeusi, na weusi huo hautoki kwa sabuni. Baada ya hayo matufe yalichovywa katika rangi na kutundikwa yakauke, mengine karibu na dari ya chumba kile kile walimolala. Watoto walitoka shuleni wakaketi kukata shingo za matufe na kuvika vifuniko vidogo vyenye kishikizo cha waya.

Kisha mapambo yalipakiwa ndani ya makapu makubwa, na wanawake wakayabeba mgongoni mpaka mji wa Sonneberg, mwendo wa yapata kilometa 20, kwa kuwa huko ndiko walikokuwako wenye maghala. Reli ilifika Lauscha mwaka 1886. Bei ilipangwa na mwenye ghala. Mama aliyetembea njia yote hiyo akiwa na mzigo uvunjikao hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Angerudi nao vipi? Hapa ndipo penye shida ya kazi zote za namna hii. Aliyenunua tufe mjini New York alilipia uzuri wake, lakini saa za usiku za baba, vidole vyeusi vya mama na michezo waliyoikosa watoto havikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Na wanunuzi walikuwa wengi. Mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alishawishiwa kununua mapambo ya kioo ya dola 25. Hakuyapenda, alidhani yatavunjika na hakuna atakayeyataka. Yaliisha kwa siku mbili. Miaka iliyofuata aliagiza kwa wingi sana, na maduka yake yakayapeleka mapambo ya Lauscha katika nyumba za watu wa kawaida kila upande wa nchi ile.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, bidhaa za Ujerumani hazikuweza kufika Marekani. Kiwanda cha Corning, kilichokuwa na mashine ya kufanya globu za taa za umeme, kikaigeuza mashine hiyo ifanye matufe ya Krismasi. Kwa saa moja mashine ilitoa matufe ambayo jamaa moja ya Lauscha isingeyamaliza kwa siku nyingi. Mtu angeweza kudhani kwamba huo ndio mwisho wa kazi ya mikono. Haikuwa hivyo. Baada ya vita Lauscha ilikuwa upande wa Ujerumani ya Mashariki, na kazi nyingi ikaingizwa katika viwanda vya serikali. Ujerumani ilipoungana tena mwaka 1990, jamaa kadhaa zilifungua upya karakana zao wenyewe. Mwaka 2021 ufundi huo uliandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni ya taifa la Ujerumani. Jirani zao wa Czechia walikuwa wametangulia: mwaka 2020 shirika la UNESCO liliitia katika orodha yake kazi ya kufanya mapambo ya Krismasi kwa shanga za kioo kilichopulizwa, inayofanywa katika milima ya kaskazini ya nchi hiyo.

Msomaji wa Kenya ataifahamu habari ya Lauscha pasipo kuelezwa sana akikumbuka Tabaka, katika nchi ya Kisii. Huko jiwe laini huchimbwa, na kwa desturi wanaume hulichonga kwa panga na visu, na wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka liwe laini kama ngozi ya mtoto. Nyota, malaika na wanyama wadogo wa kutundika juu ya mti hutoka huko na kwenda ng'ambo. Wako pia wanaofanya sanamu za Yusufu, Mariamu na mtoto Yesu horini kwa makumbi ya migomba yaliyokaushwa. Wao nao huulizwa swali lile lile la Sonneberg, yaani ni nani apangaye bei. Palipo na chama cha wachongaji wenyewe, jibu huwa tofauti na palipo na mchuuzi mmoja mwenye gari.

NYUMBA YA WADENMARK

Sasa tutazame nchi ambako mapambo hufanywa si kwa kuuza bali kwa ajili ya nyumba. Nchini Denmark jamaa nyingi hutenga siku moja kabla ya Krismasi kwa kazi ya kukata na kukunja karatasi. Babu, bibi, wazazi na watoto huketi meza moja wenye mikasi na gundi. Hufanya nyota, kamba za bendera ndogo za nchi yao, na zaidi ya vyote, mioyo ya karatasi iliyosukwa kwa rangi mbili, mara nyingi nyekundu na nyeupe.

Sherehe yao kubwa ni usiku wa tarehe 24 Desemba. Hula bata au nyama ya nguruwe, kisha huletwa wali mtamu wa maziwa uliopoa, uliochanganywa na krimu na lozi zilizokatwakatwa. Ndani yake hufichwa lozi moja nzima. Atakayeipata hupewa zawadi, lakini mjanja huificha shavuni asiseme neno, na wenzake huendelea kula wakiitafuta hata matumbo yajae. Baada ya chakula mishumaa ya mti huwashwa, na watu wote hushikana mikono kuuzunguka mti wakiimba. Mishumaa ya moto halisi juu ya mti mkavu ni hatari, nao wenyewe huweka ndoo ya maji karibu. Sisi hatuna haja ya kuiga jambo hilo, hasa penye paa la makuti au nyasi.

Moyo wa kusukwa wa zamani kuliko yote uliohifadhiwa ni ule wa Hans Christian Andersen, mtungaji mashuhuri wa hadithi za watoto, naye alikuwa hodari wa kukata karatasi. Moyo huo ni wa rangi ya kijani na manjano, nao ni wa karibu mwaka 1860. Mwaka 1871 gazeti moja la kazi za mikono la huko lilichapisha maelezo ya kuusuka, na watu wengi wakajifunza.

NAMNA YA KUUSUKA MOYO

Chukua karatasi mbili za rangi mbalimbali, kila moja urefu wa sentimeta 18 na upana wa sentimeta 6. Karatasi ya jalada la gazeti lenye picha hufaa, mradi isiwe nene mno. Ikunje kila karatasi katikati, iwe urefu wa sentimeta 9. Upande wa mkunjo uache kama ulivyo. Upande wa pili, wenye ncha mbili zilizo wazi, ukate kwa mviringo kama nusu ya sahani.

Sasa, ukianzia upande wa mkunjo, kata mistari miwili iliyonyoka, kila mmoja urefu wa sentimeta 6 na nusu. Utapata tepe tatu zilizo sawa, kila moja upana wa sentimeta 2. Usikate kwa haraka. Tepe zikiwa hazilingani, utataabika mwishoni.

Ziweke karatasi mbili mbele yako, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, sehemu za mviringo zikielekea juu na mikunjo ikielekeana chini, mfano wa herufi V. Anza na utepe wa juu wa karatasi nyekundu. Upenyeze ndani ya utepe wa juu wa karatasi nyeupe, yaani katikati ya tabaka zake mbili. Kisha utepe wa pili mweupe upite ndani ya huo mwekundu. Kisha mwekundu uingie tena ndani ya mweupe wa tatu. Usukume juu polepole. Utepe wa pili mwekundu huanza kinyume: mweupe wa kwanza hupita ndani yake, kisha wenyewe huingia ndani ya mweupe wa pili, na mweupe wa tatu hupita ndani yake. Utepe wa tatu hufanya kama wa kwanza.

Mwanamke aliyezoea kusuka ukili wa mkeka atajifunza upesi, lakini ajihadhari na jambo moja. Katika mkeka ukindu hupita juu au chini ya mwenziwe. Hapa utepe haupiti juu wala chini kabisa. Ama huingia ndani, ama huzunguka nje. Ukikosea mara moja tu, moyo hautafunguka. Ukisuka sawasawa, ufungue kwa vidole, nawe utaona kwamba ni kikapu kidogo. Bandika ndani yake mkono wa karatasi wa kutundikia, kisha tia njugu au peremende. Mwenye kuzoea ataweza kukata tepe nne au tano, na watoto watapenda kushindana.

Gundi ya unga wa ngano uliopikwa kwa maji yatosha. Andika kwa ndani jina la mtoto aliyeusuka na mwaka, maana mioyo hii hulala bapa na huweza kutunzwa kwa miaka mingi. Iweke ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa panya na mende huipenda sana gundi ya unga.