Maji ya Kutupa ya Chujio la Akwaria: Yapelekwe Wapi?

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo, hasa wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi, hufunga chujio la osmosisi kinyume. Maji hupita kwanza kwenye vichungi vinavyonasa mchanga na klorini, kisha kwenye utando unaozuia chumvi. Mpira mmoja hutoa maji safi ya samaki. Wa pili hutoa maji yaliyobeba chumvi iliyozuiwa. Kwa mashine nyingi za nyumbani, kila lita 1 ya maji safi huja na lita 3 au 4 za kutupa. Anayejaza tangi la lita 100 ajiandae kwa lita 300 hadi 400.

Maji hayo hayana uchafu wa kuogopwa, ila chumvi yake imeongezeka. Maji yakiingia na miligramu 300 za chumvi kwa lita, na mashine ikitupa lita 3 kwa kila 1, yanayotoka yatakuwa na takriban miligramu 400. Ya kisima chenye miligramu 900 yatafika 1,200.

Kuyatoa nje

Njia rahisi ni kuning'iniza mpira juu ya sinki, karo la kufulia au tundu la maji bafuni, na kuufunga usichomoke. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya ncha ya mpira na maji yaliyo chini. Ncha ikizama, siku mgao unapokatiza maji bombani, uchafu unaweza kuvutwa kurudi kwenye mashine.

Ukitaka mpira uingie moja kwa moja kwenye bomba la sinki, mwite fundi bomba. Atatoboa tundu dogo na kufunga kibano maalumu. Tundu liwe kati ya sinki na kile kiwiko kinachobaki na maji ya kuzuia harufu. Likiwa baada ya kiwiko, harufu ya shimo la maji taka itapata njia ya kupanda.

Usiukunje mpira huu wala kuufungia koki kwa nia ya kuokoa maji. Chumvi isiyopata pa kutokea huganda kwenye utando na kuuharibu mapema. Vilevile, boya linalofunga maji safi tangi likijaa halitoshi peke yake. Bila vali inayokata maji yanayoingia, mpira wa kutupa utaendelea kumwaga usiku kucha na mita ikisoma. Ipime: subiri boya lifunge, kisha uangalie kama mpira wa kutupa nao umekauka baada ya dakika chache.

Kuyatumia

Mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo, elekeza mpira kwenye pipa. Yanafaa kudekia, kufulia, kuoshea gari na kumwagia chooni. Kwa mimea, yale ya bomba la kawaida hayana shida. Ya kisima cha chumvi usiyamwagie mchicha wala maua ya vyungu kila siku, kwani chumvi itajikusanya kwenye udongo. Kumbuka pia kwamba kichungi cha mkaa kimeshaondoa klorini, hivyo maji haya huota ukungu wa kijani upesi. Usiyaweke akiba ya kunywa. Funika pipa barabara, maana mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama.

Pipa nalo hujaa. Toboa tundu la ziada karibu na mdomo, uunge mpira wa kupeleka ziada bafuni.

Maji ya ndani ya tangi

Haya ni mengine. Maji ya samaki wa maji baridi yana mbolea ya kinyesi, na bustani huyapenda. Maji ya samaki wa baharini ni chumvi tupu: yamwage kwenye mfumo wa maji taka, kamwe si kwenye shina la mti.

Kabla ya kumwaga, chuja konokono na vipande vya mimea, vianike juani hadi vikauke, kisha vitupe na taka za kawaida. Gugu maji la Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Mmea unaomwagwa mtaroni leo unaweza kufika mtoni mvua ya kwanza ikinyesha.