Watoto Wadogo na Unga wa Mhogo Mchungu

Mwalimu,

Watoto wa darasa la kwanza hawafai kupewa kisu wala kuwekwa karibu na moto. Lakini iko kazi moja ya chakula waiwezayo vema, nayo yaweza kuokoa miguu yao: kutoa sumu katika unga wa mhogo mchungu.

Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wengi wa wilaya ya Tarime walikula mhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, na baadhi yao wakapatwa na konzo. Ugonjwa huu hupooza miguu yote miwili kwa ghafula, wala hauponi. Na wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Kuanika mhogo juani tu hakutoshi, maana sumu nyingi husalia katika unga.

Tayarisha unga, bakuli, maji safi, kipande cha mkaa na mkeka safi. Kisha fanyeni hivi:

1. Kila mtoto anawe mikono.

2. Mtoto mmoja atie unga bakulini na kuusawazisha. Mwingine apige alama kwa mkaa ndani ya bakuli, pale unga ufikapo.

3. Tieni maji kidogo kidogo huku mkikoroga. Unga utashuka chini ya alama. Uliza, “Unga umekwenda wapi?” Waache wafikiri kwanza. Endeleeni kutia maji hata urudi penye alama. Hapo maji yatosha.

4. Utandazeni mkekani, nje wala si chumbani, kwa kuwa sumu hutoka kama hewa. Unene usizidi sentimeta 1.

5. Uacheni muda wa saa mbili juani, au saa tano kivulini.

6. Mtu mzima asonge ugali siku ile ile, usilale. Uliwe pamoja na maharagwe au dagaa.

Mtoto asionje unga kabla ya kupikwa. Tena, wale walowekao mhogo nyumbani wasiache desturi hiyo njema. Kazi hii huongezwa juu yake.

Usiseme, “Haya ni mambo ya akina mama.” Mfundishe mtoto kusema nyumbani kwa adabu, “Mama, naomba nikuonyeshe tulivyofanya leo.” Kesho yake uliza darasani ni nani aliyepiga alama katika bakuli la nyumbani kwao. Hesabu ya mikono itakayoinuliwa ndiyo itakayokuonyesha kama somo limefika.