SOMO KWA WAFANYAKAZI: KIMO CHA GARI NA USALAMA WETU



Wengi wetu tunafika kazini kwa gari. Sisi wa viwanda vya Namanve na Nalukolongo tunapanda teksi, na wenzetu wa mashamba ya miwa na chai wanabebwa kwa lori. Mengi ya magari hayo yameinuliwa kuliko yalivyotoka kiwandani. Katika somo hili tutajifunza kimo cha gari ni nini, kinapimwaje, kinarekebishwaje, na kwa nini jambo hili si la fundi peke yake.

1. Kwa nini magari huinuliwa?

Sababu ya kwanza ni barabara. Penye mashimo, au penye mafuriko kama Bwaise wakati wa mvua, gari la chini hugusa ardhi. Sababu hii tunaikubali.

Sababu ya pili ni mzigo. Gari likibebeshwa kupita kiasi, springi huchoka na gari hukaa chini. Mwenye gari hulipeleka gereji, Katwe au Ndeeba, likaongezwa bapa la springi au kipande cha chuma juu ya ekseli. Gari husimama wima kama jipya, na mzigo huzidishwa tena. Hapa ndipo tunapodanganyika. Springi imeongezwa, lakini ekseli, breki na tairi ni zile zile. Kuinua gari hakuongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba.

2. Hesabu ndogo

Gari la michezo hujengwa chini ili lishike barabara kwenye kona. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945, alishinda mashindano ya Safari ya mwaka 1973 kwa gari la namna hiyo, Datsun 240Z. Magari yetu ya kazi si ya mbio, lakini kanuni ya kona ni moja.

Tuchukue mfano. Tairi la kushoto na la kulia zimeachana sentimeta 150. Nusu yake ni 75. Tuseme kiini cha uzito wa gari kiko sentimeta 75 juu ya ardhi. Gawanya 75 kwa 75, utapata 1. Sasa inua gari sentimeta 10: gawanya 75 kwa 85, utapata 0.88. Maana yake, nguvu inayotosha kulipindua gari kwenye kona imepungua kwa karibu asilimia 12. Watu wakisimama nyuma ya lori, kiini cha uzito hupanda zaidi.

3. Jinsi ya kupima

(a) Simamisha gari tupu mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kutosha.
(b) Bonyeza gari mara tatu mbele na nyuma, kisha lisukume hatua chache ili springi zitulie.
(c) Kwa futi ya fundi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa tairi iliyolika itakudanganya.
(d) Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne na uandike.

Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwingine, tafuta springi iliyovunjika au kuchoka. Usiinue upande huo kuficha ubovu.

4. Jinsi ya kurekebisha

Teksi za Toyota Hiace tulizozoea zina springi za bapa nyuma, na mbele zina fimbo za chuma zinazosokoteka. Kila fimbo ina boliti ya kurekebishia: ukiikaza, gari hupanda, ukiilegeza, hushuka.

Inua gari kwa jeki, kisha lilaze juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tia alama mahali boliti ilipokuwa. Zungusha kidogo tu, shusha gari, lisukume, upime tena. Rudia kushoto na kulia mpaka vipimo vilingane.

Nyuma, usitumie kipande cha mbao, wala usipandanishe vipande vya chuma. Boliti zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Kazi haijaisha hapo. Kagua mpira wa breki usivutike gurudumu linaponing'inia. Magari mengi ya mizigo yana valvu ya breki inayofuata kimo cha nyuma: nyuma ikiinuliwa, valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Nayo irekebishwe. Mwisho pima alaimenti, na shusha taa za mbele zisiwapofushe wanaokuja.

5. Wajibu wetu

Gari likipinduka, lawama humwangukia dereva na taniboi. Aliyeamuru bapa liongezwe hatajwi. Kwa hiyo dereva anayeamriwa kubeba kupita kiasi asiachwe peke yake. Tawi zima limsimamie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Tumpelekee vipimo vilivyoandikwa pamoja na tarehe, maana manung'uniko bila maandishi husahaulika.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali ya gari lililoinuliwa ovyo ina kinga: futi ya fundi na umoja wetu.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Gari linalotubeba limeinuliwa? Na nani, na kwa sababu gani?
2. Linaruhusiwa kubeba uzito gani, na sisi tunaopanda ni wangapi?
3. Nani katika tawi letu atapima kila mwezi na kuandika?