Kiatu Kinachojikaza: Fizikia ya Breki ya Ngoma

Mwaka 1968 pikipiki za Triumph Bonneville za Uingereza ziliwekwa breki mpya ya mbele: ngoma yenye kipenyo cha inchi 8, yaani milimita 203, na viatu viwili vyote vya aina iitwayo "vinavyoongoza". Wapenzi wa pikipiki kongwe huihamishia breki ya namna hiyo kwenye pikipiki za miaka ya nyuma. Kazi hiyo yaonekana kuwa ya spana tu. Kwa hakika ni somo la momenti, na anayelikosea huweza kulipa kwa maisha yake.

Ngoma imeshikamana na gurudumu na huzunguka nalo. Ndani yake mna bamba lisilozunguka, lililobeba viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga na bitana ya msuguano juu yake. Mwendeshaji avutapo wenzo wa mkononi, waya huzungusha kamu, nayo kamu husukuma ncha moja ya kiatu hadi kiigandamie ngoma. Ncha ya pili hukaa kwenye egemeo.

Iwapo ngoma huzunguka kutoka kwenye kamu kuelekea egemeo, msuguano wenyewe hukikaza kiatu zaidi: hicho ni kiatu kinachoongoza. Mzunguko ukiwa kinyume, msuguano hukibandua: hicho ni kiatu kinachofuata.

HESABU

Kamu husukuma kwa kani K, milimita 150 kutoka egemeo. Ngoma hurudisha kani S, ambayo mstari wake ni milimita 75 kutoka egemeo. Msuguano ni 0.4S, na mstari wake ni milimita 90 kutoka egemeo.

Kiatu kinachoongoza: 75S = 150K + 36S. Basi S = 3.85K, na msuguano ni 1.54K.

Kiatu kinachofuata: 75S + 36S = 150K. Basi S = 1.35K, na msuguano ni 0.54K.

Katika breki ya kawaida kiatu kimoja huongoza na kingine hufuata. Kani za kusukuma zikiwa sawa, jumla ni kama 2K. Viatu vyote viwili vikiongoza, kila kimoja kwa kamu yake, jumla ni kama 3K. Lakini fundi akilifunga bamba hilo upande wa gurudumu usio wake, viatu vyote hugeuka kuwa vya kufuata, na jumla hushuka hadi kama 1K. Breki iliyonunuliwa ili kuongeza usalama huwa imepoteza theluthi mbili za nguvu yake.

KUFUNGA

Kwanza, zungusha gurudumu kwa mwelekeo wa kwenda mbele, uhakikishe kwamba kila kiatu kinaongoza.

Pili, funga upau unaolizuia bamba lisizunguke. Pikipiki na mwendeshaji wakiwa na kilo 200, na kasi ikipungua kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, gurudumu la mbele likifanya theluthi mbili za kazi hupokea kani ya nyutoni 800. Nusu kipenyo chake kikiwa mita 0.3, momenti ni 240. Boliti ya upau iliyo sentimita 10 kutoka mhimili hubeba nyutoni 2,400, karibu sawa na uzito wa watu wanne wa kilo 60 kila mmoja. Ikikatika, bamba huzunguka, gurudumu hukwama, na mwendeshaji hurushwa.

Tatu, rekebisha kiungo cha kamu mbili ili viatu viguse ngoma kwa pamoja. Kisha kaza nati ya mhimili huku breki imevutwa, ili viatu vikae katikati ya ngoma.

Nne, bitana nyingi za zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Lisipulizwe kamwe, lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Hatimaye, jaribu kwa mwendo wa pole mahali tambarare. Breki hii hushika kwa udhaifu pikipiki inaporudi nyuma mlimani. Mwanafunzi aliyefuata hesabu atajua sababu.

ZOEZI

1. Rudia hesabu kwa bitana iliyoingiwa na mafuta, ambayo msuguano wake ni 0.1S.

2. Msuguano ukifikia 0.83S, kiatu kinachoongoza kitafanya nini? Eleza kwa nini kani K haitahitajika tena.