Msako wa GPS Makaburini: Takwa na Mchanga wa Shela

Jiokashi ni mchezo gani?

Ni mchezo wa kusaka kisanduku kilichofichwa, msakaji akifuata namba za latitudo na longitudo kwenye simu. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Portland, Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Kisandukuni huwamo daftari, na anayekipata hutia jina lake.

Mchezo huu na kumbukumbu za askari vinakutana wapi?

Makaburini. Wapo wanaoandaa msako wa kumfikisha mtu kwenye kaburi la askari mmoja, asome jina na kikosi chake. Utaratibu huu unafaa pale ambapo kila marehemu ana jiwe lake. Afrika Mashariki mambo ni tofauti: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuandikwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Je, kisiwani Manda, pwani ya Kenya, kuna kaburi la mpiganaji?

Kaburi mashuhuri la kisiwa hicho, lile la mnara lililo nje ya ukuta wa mji wa kale wa Takwa, halihesabiwi kuwa la askari. Maandishi yake yana mwaka 1094 Hijria, yaani 1683 Miladi. Takwa ilihamwa katika karne hiyo ya 17, na wenyeji wakavukia Shela, katika kisiwa cha Lamu, ng'ambo ya mlango wa bahari. Hadi leo watu wa Shela huja kuzuru kaburi hilo mara mbili kwa mwaka, wakaomba mvua.

Wapiganaji wako huko huko Shela. Takriban mwaka 1813 majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka pwani hiyo ili kuitwaa Lamu, yakashindwa katika vita vya Kuduhu. Inasimuliwa kwamba maji yalipokupwa vyombo vyao vilikwama, wakauawa ufukweni wakivikimbilia. Wengi walibaki mchangani bila jiwe wala jina. Anayetaka kuwaenzi kwa GPS hana kaburi la kuelekeza. Ana pwani tu.

Kisanduku kinaweza kufichwa Takwa?

Hapana. Magofu hayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inayalinda. Hata kusogeza jiwe la matumbawe ili kupenyeza kikopo ni uharibifu. Isitoshe, mahali pa dua hapageuzwi uwanja wa kupekuapekua. Mwislamu hakanyagi kaburi wala halikalii.

Basi msako uandaliwe vipi?

Kwa maswali. Namba za kwanza zimlete msakaji Takwa, atazame bila kugusa: mwaka ulioandikwa kaburini, au kile kinachoinuka juu ya ukuta wa kibla wa msikiti wa Ijumaa (ni nguzo, jambo lisilo la kawaida). Tarakimu 1, 0, 9 na 4 ziingizwe kwenye hesabu ya namba za pili, zitakazompeleka Shela kusoma habari za Kuduhu. Kisanduku, kama ni lazima kiwepo, kikae mbali na makaburi kwa idhini ya mwenye mahali. Kanuni ya mchezo inataka angalau mita 161 kati ya kisanduku na kisanduku.

Ni wakati gani wa kwenda?

Maji yakijaa. Mkono wa bahari unaoingia Takwa umezungukwa na mikoko, na maji yakipwa mashua haifiki. Nahodha aulizwe saa za maji kabla ya kupanga lolote, na maji ya kunywa yachukuliwe Lamu, kwani Manda ni kisiwa kikavu.