Kutafuta Hukumu za Kusaidia Rufani ya Posho ya Walemavu

Katika England na Wales, mtu mzima ambaye ugonjwa au ulemavu humzuia kufanya kazi za kila siku aweza kuomba posho ya serikali iitwayo Personal Independence Payment, kwa kifupi PIP, iliyoanza mwaka 2013. Mwombaji hupimwa kwa alama: akipata 8 hupewa posho ya kawaida, akifikia 12 hupewa ile kubwa. Aliyenyimwa huomba kwanza ofisi iangalie upya shauri lake, na muda wa kawaida ni mwezi mmoja. Asiporidhika hupeleka rufani mbele ya baraza lisilo chini ya ofisi hiyo.

Mbele ya baraza wengi hueleza taabu zao tu. Hilo ni la lazima, lakini mara nyingine ugomvi hauko katika taabu bali katika maana ya neno moja la sheria, na hapo ndipo hukumu zilizotangulia zifaapo.

Mfano ni mtu mwenye kifafa aangukaye bila dalili, labda mara mbili kwa mwezi. Sheria yataka mtu aweze kupika na kuoga kwa usalama, nayo hutazama hali iliyopo zaidi ya nusu ya siku zote. Zamani ofisi ilijibu kwamba siku nyingi haanguki, basi yu salama. Mwezi wa Machi 2017 majaji watatu wa Upper Tribunal, yaani baraza la juu la rufani, waliikataa hesabu hiyo. Walisema yapasa kutazama kama kuna uwezekano wa kweli wa madhara, usioweza kupuuzwa, pamoja na ukubwa wa madhara yenyewe. Basi mtu asiyejua ataanguka lini mbele ya sufuria ya moto aweza kuhesabiwa kuwa ahitaji mwangalizi kila siku apikapo, si siku mbili tu.

Hukumu hiyo ni [2017] UKUT 105 (AAC): mwaka, baraza, namba na idara. Waombaji hutajwa kwa herufi tu, kwa hiyo kutafuta kwa jina ni kazi bure. Mwenye kutafuta na aanze na barua ya kunyimwa, aone ni kazi gani aliyokosa alama, kisha atafute maneno yale yale ya Kiingereza ya sheria katika hazina ya hukumu ya The National Archives, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo husomwa bure. Uamuzi wa baraza la chini, hata ukifanana sana na shauri lake, haulifungi baraza jingine; wa Upper Tribunal hulifunga.

Tena aangalie tarehe. Novemba 2016 majaji watatu walitoa hukumu iliyowafaa watu washindwao kusafiri kwa sababu ya fadhaa kubwa ya akili. Machi 2017 serikali ikabadili sheria ili kuizima, na Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikayabatilisha mabadiliko hayo. Aliyesoma karatasi ya Juni peke yake angeitupa hukumu nzuri.

Ahitajiye mwangalizi apikapo hupata alama 4, na aogapo alama 2. Jumla ni 6. Mbili zilizosalia sharti zitoke katika kazi nyingine, zikithibitishwa kwa barua ya daktari na daftari la siku alizoanguka.